Mbuzi wa kuchinja asubuhi na kuchoma mchana, kwa nini anakuwa mgumu? Wana baiskeli wa Dodoma tusaidiane

Mnyororo_Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Tuna kikundi cha watu tunaopenda baiskeli hapa Dodoma. Hatushindani na mtu. Kuna wa maofisini, mafundi, walimu wawili watatu, na mama mmoja muuza mboga wa soko la Majengo ambaye kwenye kilima anatuacha wote tunahema. Jumamosi tunakutana Nanenane alfajiri, tunashika barabara ya Dar, tukifika Ihumwa tunakata kushoto kwenda Hombolo. Mara moja moja tunamalizia kwa kula pamoja chini ya mti kwenye shamba la mwenzetu.

Juzi zamu ya kuandaa ilikuwa yangu. Mbuzi nimemnunua mnadani (mnada upi sisemi, wenyewe wamo humu), kachinjwa saa moja asubuhi, saa sita yuko juu ya wavu. Nyama ikatoka kamba tupu. Watu wametoka kukanyaga pedeli karibu kilomita 40, njaa inauma, halafu wanavutana na paja kama wanagombea mkoba na kibaka.

Sasa mwezi ujao tuna wageni wanatoka Morogoro kwa treni ya SGR, baiskeli tutawaazima huku huku. Sitaki kuaibika. Nini kinafanya mbuzi awe mgumu namna ile? Na kwa chakula cha nje cha watu kama 20 hivi, mnapangaje? Nawasilisha.

---

Kisasa_Bondeni

Nimechukua kigoda, nimekaa. Ngoja wajuvi waje.

---

Mama_Sinia

Mleta uzi, tatizo lako ni saa. Mbuzi akishachinjwa, nyama inakuwa laini muda mfupi wa mwanzo, baadaye inakakamaa, inakaa hivyo masaa mengi, ndipo inalegea tena. Wewe umeiweka motoni ikiwa katikati ya kukakamaa. Hapo hata uwe na meno ya fisi utaumia.

Mimi napika kwenye shughuli za watu. Mbuzi wa Jumamosi mchana anachinjwa Ijumaa jioni. Anatundikwa mzima, hakatwi vipande, anafunikwa shuka safi nzi wasimguse, analala. Asubuhi ndiyo namkata. Sijawahi kurudishiwa sahani.

---

Jumamosi_ni_Msalato

Mama Sinia nakuheshimu ila hapo sikubaliani na wewe. Nenda mnada wa Msalato Jumamosi yoyote. Mbuzi anachinjwa, anachunwa, anakatwa, anaenda motoni, hakuna cha shuka wala kulala. Na watu wanatoka Dar wanakula pale na kubeba nyingine. Kama kulaza nyama ndiyo siri, Msalato pangekuwa pameshafungwa.

---

Bwana_Mifugo

Wakuu, mimi kazi yangu ni hii. Mama Sinia na Jumamosi mnabishana lakini mnasema kitu kimoja. Nyama inayoingia motoni mara tu baada ya kuchinjwa bado haijakakamaa, na inayolala imeshakakamaa ikalegea. Mbaya ni ya katikati. Mleta uzi kaikuta saa ya tano, penyewe hasa.

Ila kabla hatujamhukumu kwa saa, nataka kujua umri wa mbuzi. Mnadani watu wanapapasa kiuno na kuinua mkia, mdomo hawafungui. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu, ana ya chini manane. Akiwa mdogo yote ni madogo membamba ya utoto. Akivuka mwaka, mawili ya katikati yanang'oka yanaota mapana. Manne mapana, yuko kwenye miaka miwili. Sita, anakwenda mitatu. Manane yote mapana, huyo ni mtu mzima, mpeleke kwenye sufuria. Na ukikuta yamelika, yameachana, usibishane bei, ondoka.

Mleta uzi: meno mangapi? Dume au jike? Kahasiwa? Na alifikaje shambani?

---

Mnyororo_Mkavu

Asante Bwana Mifugo. Mdomo nilifungua. Mapana manne, dume, hajahasiwa. Alikuja kwa bodaboda, kafungwa miguu, kalazwa nyuma ya dereva, Ijumaa usiku akalala kafungwa kwenye nguzo.

---

Bwana_Mifugo

Basi umri si tatizo. Lakini umenipa mengine mawili. Kwanza ni beberu aliyeanza ujana, huyo anahangaika na majike, mafuta hana na harufu anayo. Aliyehasiwa mapema ananenepa vizuri. Pili, safari ya bodaboda akiwa kafungwa na usiku mzima wa kujivuta kwenye kamba. Mnyama akifika kisuni amechoka na kuogopa, nguvu iliyokuwa kwenye misuli ameshaimaliza, nyama inatoka nyeusi nyeusi, inanata, na haikai sawa. Alitakiwa apate maji, kivuli, na mbuzi mwenzake wa kumtuliza.

Na jamani, mwiteni mkaguzi wa nyama hata kama ni shambani. Mbuzi wa watu 20 si wa kukisia kwa macho.

---

Fundi_Spoku

Mnamsingizia marehemu. Mimi nilikuwepo, nimekula hiyo nyama, na nasema tatizo ni MOTO.

Shamba liko wazi, upepo wa Dodoma mnaujua. Jiko limewekwa ubavu kwa upepo. Mkaa ukawa unawaka mwekundu upande mmoja, upande wa pili umezimika majivu. Mchomaji akaona nje pamekuwa peusi akadhani tayari. Ukikata, ndani damu, ukirudisha, nje panazidi kuwa gamba. Zile kano nyeupe zilizo katikati ya nyama zinataka moto wa pole na muda mrefu ndipo zinayeyuka. Ukizipiga moto mkali zinajikunja, zinabana nyama.

Dawa yake ndogo: mawe ya kujaza pande tatu au bati mbili za zamani kukinga upepo, mkaa usambazwe upande mmoja mzito na mwingine mwepesi, na usiweke nyama mpaka moto wa kuwaka umeisha umebaki mkaa mwekundu wenye majivu juu. Weka kiganja juu ya wavu. Ukishindwa kuhesabu hata tatu, subiri. Paja lote saa moja na nusu si muda mrefu.

---

Mhehe_Asilia

Kwa hiyo Wagogo mmekusanyika kujadili mbuzi mmoja siku nzima? Mngekuja Iringa mkafundishwa.

---

Mgogo_wa_Nala

Mtani wewe kaa pembeni, hapa tunazungumzia mnyama anayesema mee. Wako tunajua anasemaje.

---

Mhehe_Asilia

😂😂 Nimekoma mtani. Lakini msisahau perege wa Mtera mnakuja kununua kwetu.

---

Mgogo_wa_Nala

Mtera nusu yetu. Ng'ambo hii ya daraja ni Mpwapwa, soma ramani.

---

Chimwaga_Boy

Wakuu mmesahau sayansi. Dodoma iko juu, karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Huku maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96, hayafiki 100. Ndiyo maana nyama ya huku inachelewa kuiva kuliko Dar. Mleta uzi apige hesabu ya muda zaidi.

---

Fundi_Spoku

Mdogo wangu hiyo ni ya maharage na supu. Mkaa haujui mita 1,100. Wavu hauna maji ya kuchemka.

---

Chimwaga_Boy

Nyama yenyewe ina maji ndani kaka.

---

Fundi_Spoku

Sawa profesa. Nyama inaharibika kabla haijafika hizo 96 zako.

---

Dada_Gia

Naomba nichangie kama mwanamke ninayeendesha na hicho kikundi (mleta uzi unanijua, usinitaje).

Nyama ilikuwa ngumu, ndiyo. Lakini mnaongea kana kwamba chakula cha nje ni paja la mbuzi tu. Tulifika saa nne na nusu, nyama imeiva saa nane kasoro. Masaa matatu watu wamekaa kwenye jua wana maji ya chupa na karanga za kupokezana. Ukiwa na njaa namna hiyo unavamia kipande kibichi, halafu unasema mbuzi mgumu.

Watu wakishuka kwenye baiskeli wanataka kitu cha moto chenye chumvi, mara moja. Kichwa, miguu na utumbo vilikuwepo tangu saa moja. Vingewekwa sufuriani mapema, tungefika tunakuta supu, ndimu na pilipili pembeni, viazi vitamu vya kuchemsha. Tunakunywa, tunanyoosha miguu, nyama inachukua muda wake bila mtu kuinyatia na kisu.

La pili, na hili wanaume hamlioni: CHOO. Shamba halina choo na hakuna kichaka cha maana, kiangazi Dodoma ukijificha nyuma ya mgunga unaonekana mpaka Buigiri. Wageni wa Morogoro wakija na wake zao na dada zao, hilo litakumbukwa kuliko nyama. Ombeni choo kwa jirani, peleka ndoo ya maji na sabuni. Ndoo nyingine yenye koki ya kunawa mikono iwe karibu na jiko.

---

Mama_Sinia

Dada Gia umesema. Supu ya kichwa kwanza, hilo halina mjadala.

Nyongeza kwa mleta uzi: chumvi uliweka lini? Wachomaji wengi wanaipaka nyama chumvi mapema sana, inatoa maji yote, inakauka. Mimi namwagia maji ya chumvi ikiwa inakaribia. Na kama unaogopa ugumu kabisa, papai bichi. Menya, twanga, paka nusu saa, si zaidi. Papai lina utomvu unaolainisha nyama. Ukilaza nalo usiku kucha unakuta uji.

---

Jumamosi_ni_Msalato

Papai kwenye mbuzi wa Dodoma? Huko ni kumdhalilisha. Chumvi, moto, kisu, kachumbari. Basi.

---

Hajji_Chang'ombe

Assalam aleikum. Mimi ni wa jambo moja dogo. Kikundi kama hicho kina Waislamu na Wakristo, kwa hiyo kubalianeni mapema nani anachinja, na mgeni asijifikirie kuuliza. Kama kuna wanaoleta kitimoto, jiko lao, wavu wao, kisu chao, na upande wao wa upepo. Nimeshaona kikundi kizuri kinavunjika kwa koleo moja.

Kuhusu ugumu: Mama Sinia, kulaza nyama ya Ijumaa usiku ni sawa Juni na Julai, usiku baridi. Oktoba na Novemba huwezi. Hilo joto nyama inachacha kwenye shuka. Hapo iingie kwenye friji.

---

Mama_Sinia

Sawa Hajji, hapo umenirekebisha, Oktoba natumia friji la bucha.

---

Mzee_wa_Kongwa

Vijana mnanichekesha. Enzi zetu baiskeli ilikuwa kazi, mtu anapakia gunia la uwele kutoka kijijini mpaka mjini, akifika anakula ugali wa uwele na mlenda, anarudi. Hakuna aliyelalamika mlenda mgumu.

Kwa nini msiwape wageni chakula cha hapa? Nyama kila mtu anayo huko Morogoro. Ugali wa uwele au mtama, mlenda mkavu uliotiwa karanga, maziwa ya mgando. Mlenda unateleza, mtu aliyechoka hatafuni. Ubuyu na ukwaju wa kunywa. Kama ni msimu, zabibu, maana kwetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Wekeni pale bwawani Hombolo, pana upepo mzuri. Bwawa lile walichimba Wajerumani, lina historia.

---

Bwana_Mifugo

Shikamoo mzee. Mlenda naunga mkono kwa mikono miwili. Bwawa la Hombolo lilijengwa 1957, Mjerumani alishaondoka zamani, huyo ni Mwingereza. Na pale wasioge wala kutumbukiza miguu, kichocho kipo. Wakae kwenye kivuli, maji waje nayo.

---

Mzee_wa_Kongwa

Marahaba. Mwingereza, basi. Huyo huyo aliyekuja Kongwa na mpango wa karanga 1947, akaondoka 1951 karanga hazipo matrekta yameoza. Angeuliza wenyeji mvua za huku zikoje.

---

Kisasa_Bondeni

Sasa tumetoka kwenye mbuzi tumeingia kwenye ukoloni 😂

---

Tyubu_Mbili

Kabla hamjachagua kivuli: MBIGILI. Kiangazi zimekauka zinakusubiri. Kikundi chetu tuliegesha baiskeli kwenye majani makavu chini ya migunga, tulivyomaliza kula zaidi ya nusu zilikuwa zimekaa chini. Tukaziba pancha mpaka jua likazama, gundi ikaisha, wengine wakarudi kwa kirikuu. Egesheni kwenye ardhi iliyofagiliwa, au zibebeni begani kutoka barabarani. Wageni wa Morogoro hawazijui mbigili, waambieni wasisukume baiskeli nje ya njia.

---

Fundi_Spoku

Na ukikuta mbigili imezama kwenye tairi usiing'oe pale pale kama huna tyubu. Mara nyingi inaziba tundu lake yenyewe, unafika nyumbani.

---

Tyubu_Mbili

Hiyo ni imani yako. Mimi nang'oa.

---

Nishati_Safi

Mnachoma mkaa mpaka leo? Mkaa si umepigwa marufuku? Nunueni jiko la gesi la kuchomea mpumzike na upepo.

---

Jumamosi_ni_Msalato

Marufuku ya Januari 2024 ilianza na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, kama shule na magereza. Watu 20 chini ya mkwaju si taasisi. Na nyama ya gesi haina moshi, hiyo ni ya kuoka.

---

Nishati_Safi

Miti inayokatwa haiulizi mpo wangapi.

---

Mnyororo_Mkavu

Wakuu nashukuru, nasoma kila kitu. Nimekumbuka jambo ambalo labda litamaliza ubishi. Paja moja halikuguswa, nikarudi nalo nyumbani, likakaa kwenye friji. Jumapili mchana mke wangu kalichoma kwenye jiko dogo uani. Mbuzi yule yule. LAINI. Watoto wamelimaliza wakabaki wanalamba mifupa.

---

Mama_Sinia

Si nilisema! Imelala. Kesi imeisha.

---

Fundi_Spoku

Imeisha wapi? Uani kuna ukuta. Hakuna upepo, jiko dogo, moto wa pole. Ni moto.

---

Dada_Gia

Au watoto walikuwa wameshakunywa chai. Na shemeji hakuwa na watu 20 wamemzunguka wanauliza "bado?"

---

Bwana_Mifugo

Na ni paja la upande gani? Kama mbuzi alilalia upande mmoja kwenye boda, misuli ya upande ule ilibanwa njia nzima.

---

Mhehe_Asilia

Bwana Mifugo hiyo sasa ni chai. Imezidi sukari.

---

Bwana_Mifugo

Nimeuliza tu mtani.

---

Chimwaga_Boy

Suluhisho: nunueni mbuzi wawili wanaofanana meno. Mmoja alale, mwingine achinjwe asubuhi. Jiko moja, mchomaji mmoja. Tuone.

---

Mgogo_wa_Nala

Chimwaga umeona njia ya kula mbuzi wawili kwa mchango wa mmoja. Elimu imekusaidia.

---

Hajji_Chang'ombe

Mchango. Hapo ndipo. Mleta uzi, mtu mmoja ashike pesa na mwingine ashike daftari. Wageni wasichangishwe. Na anayesema "nitatuma jioni" asihesabiwe kwenye nyama.

---

Mnyororo_Mkavu

Nimeelewa Hajji. Mpango mpaka sasa: mbuzi wawili waliohasiwa, Mama Sinia nakufuata pembeni tuongee ya kulaza, Fundi analeta bati za kukinga upepo, supu inaanza saa moja, mlenda anapika mama wa Majengo, choo nimeshaomba kwa jirani kakubali. Bwana Mifugo utakuja kukagua?

---

Bwana_Mifugo

Nitakuja. Ila mbuzi wasije kwa boda.

---

Fundi_Spoku

Na mchomaji asiwe yule wa juzi.

---

Jumamosi_ni_Msalato

Nakuja na kisu changu. Mbuzi wa asubuhi nachoma mimi, wa kulala achome Mama Sinia, na papai lisionekane eneo la tukio.

---

Mama_Sinia

Nimekubali. Leta na moyo wa kushindwa.

---

Kisasa_Bondeni

Mimi baiskeli sina. Naruhusiwa kuja na daladala?